Semista moja Granada, Salamanca au Buenos Aires: kozi za wageni, za kitivo au za Kiingereza?

Kila msimu wa kujaza fomu za kubadilishana wanafunzi ukifika maswali yanayokuja kwangu ni yaleyale, dada nimepata nafasi Hispania niende mji gani, hosteli zikoje, baridi ikoje. Mji una mambo yake sikatai, ila mimi huwa nauliza kwanza, utasoma kozi gani, na darasani utakaa na nani? Maana mji utauzoea haraka sana, lakini kozi ndio inakuamsha asubuhi miezi minne mitano mfululizo, ndio inarudi na wewe nyumbani kwenye transkripti, na ndio inaamua kama Kihispania kitakaa kichwani au utarudi umebaki na salamu na kuagiza kahawa. Mimi semista yangu nilisoma Granada na tangu hapo nimesaidia wadogo zangu kadhaa kuchagua, wengine wametokea vyuo vya nyumbani kwa Erasmus, ule mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, wengine wamekulia Marekani na Kanada ambako semista ya nje ni jambo la kawaida kabisa, kwahiyo nitaziweka njia zote tatu pamoja nikitumia zaidi Granada na Salamanca, halafu nitagusa Buenos Aires maana kule mambo yanaenda kivingine.

Njia zenyewe ni hizi. Kuna kozi za kituo cha wageni, yaani chuo kina idara yake maalumu ya kufundisha watu wa nje, Granada kinaitwa Centro de Lenguas Modernas, kiko mtaa wa Realejo chini ya kilima cha Alhambra, ile ngome na majumba ya wafalme Waislamu wa zamani, Salamanca wanaita Cursos Internacionales na kozi zao za wageni zilianza 1929, Mexico City chuo kikuu cha UNAM kina CEPE iliyoanzishwa 1921. Kuna kozi za kitivo, unakaa na wanafunzi wa pale pale, mwalimu yuleyule, mtihani uleule. Na kuna kozi za kitivo zinazofundishwa kwa Kiingereza, hizi zimeongezeka sana vyuo vya Hispania, Carlos III ya Madrid kwa mfano wanazo nyingi, hasa uchumi, biashara na uhandisi.

Watu wengi wanachagua kwa kuangalia jina la somo tu. Mtu anaona Historia ya Hispania anaweka tiki, anaona Fasihi anaweka tiki, hajauliza hiyo historia inafundishwa kituo cha wageni au kitivo cha Filosofía y Letras. Aisee ni vitu viwili tofauti kabisa hata kama jina ni moja.

Darasani kukoje

Kituo cha wageni unaanza na mtihani wa kupima kiwango, unapangwa kundi lako, na darasa ni dogo. Mwalimu kazi yake ya kila siku ni kufundisha wasiozaliwa na lugha ile, kwahiyo anatamka maneno yakaisha, anaandika ubaoni, akiona macho yenu yamepotea anarudia. Ukikosea anakurekebisha palepale. Granada wana programu mbili kubwa, ile ya lugha na utamaduni kwa walioko chini na kati, na Estudios Hispánicos kwa walioko juu, na hii ya pili ndio ina masomo kama historia, sanaa, fasihi, siasa, jiografia, yote kwa Kihispania ila wanafunzi wote ni wageni. Masomo ya sanaa na utamaduni mara nyingi yana matembezi, leo mko darasani mnasoma tao na vigae, wiki ijayo mko ndani ya Alhambra mnaviangalia, na hilo peke yake kwa mtu anayependa historia ni sababu tosha.

Tatizo lake ni moja na ni kubwa. Wenzako wote ni wageni kama wewe, Wamarekani, Wachina, Wajapani, Wajerumani, na kengele ikilia tu mazungumzo yanageuka Kiingereza. Mtu kama wewe uliyetoka Kenya, Uganda au Tanzania Kiingereza chako kipo sawa, utaingia humo bila kujua na semista itaisha umefanya mazoezi mazuri ya Kiingereza. Nimeona hivyo kwa watu wenye akili sana.

Kitivoni ni dunia nyingine. Mwalimu anaingia anaanza kuongea na anaongea mpaka mwisho, wanafunzi wanaandika kwa kasi, hamna anayesimama kumuuliza kama umeelewa. Granada kuna kitu cha ziada, lafudhi ya Andalusia, watu wanakula mwisho wa maneno, ile s ya wingi haisikiki kabisa kwa wengi wao, sasa wewe uliyezoea sauti za kwenye programu ya simu wiki za mwanzo utahisi hujawahi kusoma Kihispania maishani mwako. Itapita, ila ujue mapema. Salamanca iko Castilla y León, watu wanatamka kwa kunyooka zaidi, na hiyo ndio sababu moja ya wanafunzi wa lugha kupapenda miaka yote hii, achilia mbali kwamba chuo chenyewe ni cha tangu 1218.

Lakini faida ya kitivo hamna kingine kinachoifikia, nayo ni watu. Siku ya kwanza tafuta delegado, yule kiongozi wa darasa, muombe akuingize kwenye grupu la WhatsApp la somo, humo ndio kuna noti, mabadiliko ya vyumba, tarehe za kazi, na hapo ndio utapata mtu wa kusoma naye na baadae mtu wa kukualika kwao wikiendi. Vitu rasmi mwalimu anaviweka PRADO, mtandao wa masomo wa chuo, ila vitu vya maana vingi vinapita kwenye grupu. Na nenda kwenye tutorías, masaa ya mwalimu kukaa ofisini, nenda wiki ya kwanza tu mwambie profesa mimi ni wa kubadilishana natoka mahali fulani Kihispania changu ni kiasi hiki, wengi wanapokea vizuri na wengine watakuruhusu kubeba kamusi kwenye mtihani, lakini lazima uombe mwenyewe.

Kozi za Kiingereza nitazisema kwa kifupi. Kama unahitaji somo fulani la lazima la digrii yako na ukilikosa utachelewa kumaliza, chukua kwa Kiingereza, basi, hamna aibu. Darasani mtachanganyika wenyeji na wageni na wenyeji wengi wako pale kwa sababu wanataka kufanya mazoezi ya Kiingereza na wewe. Ila usijaze ratiba nzima hivyo. Kwenda mpaka Hispania kusoma uchumi kwa Kiingereza semista nzima, mtu wa lugha anakuwa amejinyima mwenyewe.

Namna ya kupimwa, hapa ndio pa kukaa

Kama utasoma sehemu moja tu ya maandishi haya soma hii. Kila somo la chuo cha Hispania lina karatasi yake inaitwa guía docente, ipo kwenye tovuti ya chuo, wazi kwa mtu yeyote, ya mwaka uliopita huwa ipo kabla hata hujaomba visa. Chukua ya Granada mfano. Juu kuna jina la somo, semista, idadi ya krediti, kama ni la lazima au la hiari. Chini yake unachotakiwa kuwa umeshasoma, mada moja moja, vitabu, halafu unafika evaluación, weka kidole hapo. Utakuta vipengele vitatu. Ordinaria ni upimaji wa kawaida, extraordinaria ni marudio, yaani sapu, na única final ni kwa asiyeweza kuhudhuria, anafanya mtihani mmoja wa kila kitu, na hiyo unaiomba ndani ya wiki mbili za mwanzo za somo, ukipitwa imepita.

Sasa ndani ya ile ordinaria angalia asilimia. Tuseme imeandikwa mtihani 60, kazi za vitendo 40. Mtu anaona kumbe 40 naichukua kirahisi kwenye kazi za nyumbani, mtihani nikipata kidogo nitavuka. Soma sentensi inayofuata, mara nyingi inasema lazima upate angalau 5 kati ya 10 kwenye mtihani wenyewe ndio zile 40 zijumlishwe. Yaani kazi zako zote nzuri hazikuokoi ukianguka mtihani. Nyingine zinadai uhudhurie vipindi vya vitendo asilimia 80. Nyingine mtihani ni wa insha mbili ndefu masaa mawili, nyingine ni wa kuchagua jibu na jibu la makosa linakata alama. Kwa mtu anayeandika lugha ya tatu au ya nne, tofauti ya insha masaa mawili na kazi nne ndogo za nyumbani ni kubwa kuliko tofauti ya mada. Mimi bora nichukue mada inayonivutia kidogo yenye kazi nyingi ndogondogo kuliko mada ya ndoto zangu yenye mtihani mmoja wa mwisho, angalau kwa semista hii moja.

Kituo cha wageni kupimwa kwake ni kwa taratibu, jaribio la katikati, la mwisho, mahudhurio, prezentesheni, na ukija kila siku na kufanya kazi zako huwezi kuanguka kirahisi. Ndio maana wengi wanakimbilia kule. Naelewa. Ila angalia GPA, wastani wa alama zako, peke yake isikuamulie.

Krediti na alama, ili usije kulia mwishoni

Hispania wanatumia ECTS, mfumo wa krediti wa Ulaya. Mwaka ni krediti 60, semista 30, somo la kawaida ni krediti 6, kwahiyo masomo matano yanajaza semista. Krediti moja inahesabiwa masaa 25 mpaka 30 ya kazi yote pamoja na kusoma mwenyewe, na somo la krediti 6 ni kama masaa manne ya darasani kwa wiki. Ukiwa chuo cha Marekani krediti 6 kwa kawaida wanakuhesabia 3 za kwao. Ukitoka Tanzania ambako mwaka mzima ni krediti 120, hesabu ya mwaka kwa mwaka inakupa krediti 12 za nyumbani kwa hizo 6, lakini idara yako ndio ina neno la mwisho kwahiyo pata jibu lao kwa maandishi, barua pepe inatosha, maneno ya koridoni hayana ushahidi.

Alama ni 0 mpaka 10. Kuvuka ni 5. Kuanzia 5 ni aprobado, kuanzia 7 ni notable, 9 kwenda juu sobresaliente, na juu yake kuna matrícula de honor inayotolewa kwa wachache sana, haizidi asilimia 5 ya darasa. Watu wa nyumbani wakiona 7 wanaona asilimia 70, wengine wanaona aibu, kumbe kitivoni pale 7 ni alama ya kujivunia. Uliza mapema chuo chako kinabadilishaje. Ukikuta 7 ya Granada inageuka B huku na 7 ya kituo cha wageni nayo inageuka B ileile, unaona mwenyewe ipi imetolewa jasho zaidi. Kama chuo chako kinaruhusu krediti za nje ziingie kama umefaulu au hujafaulu bila kugusa GPA, basi umefunguliwa mlango, nenda kitivoni bila woga.

Na nchi nyingine kipimo kingine, usichanganye. Argentina kuvuka ni 4 kati ya 10, Mexico pale UNAM ni 6 kati ya 10, Chile wanatumia 1 mpaka 7 na kuvuka ni 4, Colombia 3 kati ya 5. Mtu anaweza kurudi na 4 ya Buenos Aires na ofisi ya huku ikamwandikia F kwa sababu aliyekaa mezani hajui, beba maelezo rasmi ya mfumo wa alama pamoja na transkripti yako.

Pesa pia. Ukienda kwa makubaliano ya vyuo kozi za kitivo hulipii ada kule, lakini za kituo cha wageni mara nyingi unalipia pembeni hata kama kuna punguzo. Na uliza kama zitatoka kwenye transkripti rasmi ya chuo zikiwa na ECTS au utapewa cheti tu, maana kuna idara za nyumbani hazipokei cheti.

Kalenda nayo ni sehemu ya kozi. Semista ya kwanza ya kitivoni inaanza Septemba na mitihani inaangukia Januari, baada ya sikukuu ambazo Hispania haziishi mpaka tarehe 6 Januari. Kituo cha wageni kwa kawaida wanamaliza kabla ya Krismasi. Kama chuo chako kinafungua mwanzoni mwa Januari na ulijaza masomo matano ya kitivo, mitihani yako na ufunguzi vitagongana na hakuna wa kukusaidia. Ukiweza kuchagua, nenda semista ya pili, ya Februari mpaka Juni, kitivo kinakwenda vizuri bila kukatwa na likizo ndefu ya mwaka mpya.

Somo gani wapi

Hapa nina msimamo na sibadiliki: kitu kipya kisome kituo cha wageni, kitu unachokijua kisome kitivoni. Kichwa hakiwezi kubeba mada ngeni na lugha ngeni kwa mara moja, kimojawapo kitadondoka. Kama umeshasoma takwimu, chukua somo la takwimu la kitivo, utaelewa nusu kwa kuangalia ubao na nusu nyingine utaiokota, na baada ya mwezi utakuwa unajua maneno yote ya fani yako kwa Kihispania, kitu ambacho kituo cha wageni hakifundishi. Wanafunzi wa sayansi wanaogopa kitivo kuliko wote na ndio wanaofaa kuliko wote, hesabu ni hesabu. Ila maabara jihadhari, muangalizi akisema usimwage hiki ukasikia mwaga ni balaa.

Sarufi na uandishi, kituo cha wageni bila kufikiri mara mbili. Kitivoni somo lenye jina la lugha ya Kihispania ni la isimu kwa watu waliozaliwa nayo, hawatakufundisha lini utumie subjuntivo, ile hali ya kitenzi ya matakwa na mashaka, watakufundisha nadharia zake. Hapo wageni wengi wanaingia choo cha kike.

Fasihi, angalia orodha ya vitabu kabla ya kitu chochote. Kitivoni somo la karne moja linaweza kuwa na riwaya nzito sita saba. Kama usomaji wako wa Kihispania bado ni wa kurasa kumi kwa jioni, piga hesabu. Kituo cha wageni watasoma vipande na mashairi, unapata picha ya mbali lakini unapata.

Historia ndio somo ninalompigia kila mtu debe, hasa Granada. Ufalme wa Kiislamu wa Wanasri ulikaa pale kuanzia 1238 hadi mji ulipokabidhiwa tarehe 2 Januari 1492, na chuo kina digrii nzima ya masomo ya Kiarabu na Uislamu, kwahiyo historia ya al-Andalus, Hispania ya enzi za Waislamu, inafundishwa na watu walioisoma kwenye nyaraka zenyewe. Sisi watu wa pwani tuna mlango wetu humu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alifika Granada karibu 1350, na ni huko alikokutana na Ibn Juzayy ambaye baadae aliandika safari zake. Mtu wa Mombasa au Zanzibar aliyesoma madrasa, anayesoma herufi za Kiarabu bila kugugumia, akitoa prezentesheni juu ya hilo darasa zima litamsikiliza na profesa atamkumbuka. Ukiwa kwenye somo la historia ya karne ya 20 kuna Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika inayoongea Kihispania, iliyopata uhuru 12 Oktoba 1968, na wanafunzi wengi wa Hispania wenyewe wanaijua kidogo sana. Chagua mada za namna hiyo, unaandika kwa faida ya unachokijua wewe na wao hawakijui.

Tafsiri. Kitivo cha tafsiri na ukalimani cha Granada kina jina kubwa na kiko katikati ya mji, wengi wanakitamani. Angalia mwelekeo wa lugha. Ukichukua tafsiri ya kutoka Kiingereza kwenda Kihispania umejiweka kwenye mashindano na watu wanaotafsiri kuelekea lugha ya mama yao, utachoka. Ya kutoka Kihispania kwenda Kiingereza ndio yako, na darasani watakutafuta wewe wakupe notes za sarufi wewe uwape Kiingereza.

Halafu usisahau miguu. Granada vitivo vimetawanyika, Filosofía y Letras, saikolojia na uchumi viko juu Cartuja kwenye mlima, sayansi iko Fuentenueva chini, udaktari uko kusini kabisa ya mji. Somo la Cartuja likiisha saa nne na lingine linaanza saa ileile Fuentenueva, kwenye ratiba ya kompyuta hazigongani, kwenye miguu yako zinagongana. Na zamu za jioni zipo mpaka saa tatu usiku, angalia kundi ulilopangiwa ni la asubuhi au jioni, maana somo moja lina makundi kadhaa na walimu tofauti.

Barcelona, Valencia na Santiago kuna jambo la kuangalia zaidi, lugha ya kufundishia. Vyuo vya Barcelona masomo mengi sana ya digrii yanatolewa kwa Kikatalani, Santiago kuna Kigalisia. Ipo kwenye guía docente na kwenye kundi, kila kundi limeandikwa lugha yake. Wenyeji watakujibu Kihispania kwa upole wote lakini profesa hatabadilisha mhadhara kwa ajili yako, wala hapaswi.

Buenos Aires

Ukienda Universidad de Buenos Aires, kwanza kalenda imegeuka, cuatrimestre, yaani semista, ya kwanza ni kama Machi mpaka Julai na ya pili Agosti mpaka mwisho wa mwaka. Chuo kimeanzishwa 1821, ni cha umma, mwenyeji halipi ada ya digrii, na hali hiyo unaiona darasani, kuna mama mwenye kazi, kuna kijana, kuna mzee, wote wanabishana. Kitivo cha Filosofía y Letras kiko mtaa wa Puan, jengo lilikuwa kiwanda cha sigara zamani, kuta zimejaa mabango ya siasa, na wanafunzi hapo wanaongea mno ukilinganisha na Hispania, wanamkatiza mwalimu, wanapinga. Kwa anayetaka kuongea Kihispania chenye moto hapo ndipo.

Kitu ambacho Hispania hukikuti kwa namna ile ni cátedra. Somo moja linaweza kuwa na cátedra mbili tatu, kila moja na profesa wake mkuu, mada zake, vitabu vyake na namna yake ya kupima. Kwahiyo jina la somo halitoshi, uliza cátedra ya nani, na uliza wanafunzi wenyewe, watakuambia bila kuficha. Halafu vipindi vimegawanyika teóricos, mihadhara ya watu wengi, na prácticos, vikundi vidogo vya kujadili, na ukichagua práctico ya mwalimu mzuri umepona.

Kupimwa kuna parciales, mitihani midogo, mbili hivi katikati. Masomo yenye promoción ukipata 7 kwenda juu umemaliza bila mtihani wa mwisho, ukipata 4 mpaka chini ya 7 umebaki na haki ya kufanya final, na final nyingi ni za mdomo, umekaa mbele ya meza ya walimu wanauliza. Mgeni achague masomo yenye promoción, hilo sina maneno mengi, sababu tarehe za final zinaweza kuangukia baada ya tiketi yako ya kurudi. Kusoma ni makaratasi ya fotokopi rundo kwa rundo, kurasa za wiki moja zinaweza kuzidi za mwezi mzima Granada. Na migomo ipo, wiki ya vipindi inaweza kuruka, usipange safari zako kwa kukaza sana. Kihispania chao ni cha vos, yaani wewe wanasema vos badala ya tú, vitenzi vinageuka kidogo. Kwenye ngazi za lugha za Ulaya, zinazoanza A1 chini kabisa mpaka C2 juu, ukitua tayari uko B2 utazoea, ukitua A2 anza na darasa la lugha.

Ningekupangia hivi

Uko A2 au mwanzo wa B1, masomo yote kituo cha wageni, Salamanca zaidi ya Granada kwa sababu ya lafudhi, na tafuta wenyeji nje ya darasa, kwaya, mpira, intercambio za lugha, yaani mtu unamfundisha lugha yako naye anakufundisha yake, ambazo ziko kila mji wa chuo. Vyuo vingi vinapokea B1 kwa kozi za kitivo na karatasi itakuruhusu, ila kukaa dakika 90 ukaelewa mtu anachosema kunataka B2.

B1 iliyosimama, matatu kituo cha wageni na mawili kitivoni, moja la hayo mawili liwe la fani yako unayoijua na lenye kazi ndogondogo. Hii ndio mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote, maana asubuhi unarekebishwa sarufi na mchana unaitumia kwa watu wasiokuonea huruma.

B2 kwenda juu, manne kitivoni na moja la uandishi kituo cha wageni, au yote matano kitivoni kama GPA haiguswi. Buenos Aires hapa inakufaa, matatu yanatosha kule kama chuo chako kinakubali mzigo huo.

Na andika masomo saba au nane kwenye orodha yako hata kama unahitaji matano, kwa sababu mengine yatajaa, mengine yatagongana, mengine hayatafundishwa semista hiyo. Ukiwa na Erasmus ile learning agreement, makubaliano ya masomo utakayosoma, inasainiwa na watu watatu, wewe, chuo chako na chuo cha kule, na ina sehemu yake ya mabadiliko ukishafika, kwahiyo usiogope kubadili. Wiki mbili za mwanzo ingia madarasa yote saba, kaa mbele, sikiliza kama unamfuata mwalimu angalau nusu, angalia mada zake kwenye PRADO, kisha kata mawili na utume mabadiliko siku hiyohiyo kwa mratibu wako wa nyumbani, maana kusainiwa kunachukua muda na tarehe ya mwisho ya kubadili haisubiri barua pepe. Ukipunguza masomo angalia usishuke chini ya mzigo ambao ufadhili na visa yako vinataka, waulize kabla hujakata.

Ukifika mwezi wa pili ukaona somo moja la kitivo limekushinda kweli, nenda tutoría kwanza kabla ya kulitelekeza, mara nyingi profesa atakubali ufanye insha badala ya sehemu fulani au atakuonyesha maswali ya miaka iliyopita, na kama haikuwezekana tarehe ya extraordinaria ipo palepale kwenye kalenda ya kitivo, iandike kabla hujanunua tiketi ya kurudi.